Uso Ulikwenda Ofisini, Kofia Ikabaki Msumarini

Ingia katika nyumba ya wazee kule Buteba, uombe kuonyeshwa picha ya babu. Mara nyingi hutaelekezwa ukutani. Utaletewa kitambulisho. Kitatolewa kwenye mfuko wa nailoni uliopigwa fundo, mfuko uliokuwa ndani ya sanduku la bati, sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Hapo utamwona mzee katika picha iliyokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ameganda mbele ya ukuta mweupe. Hakutabasamu kwa sababu alikatazwa. Hakuvaa kofia yake kwa sababu aliamriwa aivue. Huenda hiyo ndiyo sura yake pekee iliyosalia, na haikupigwa kwa ajili ya wajukuu.

Kofia yenyewe ipo. Imetundikwa kwenye msumari juu ya mlango, na ukingo wake umelainika pale alipozoea kuushika kila alipomsalimu mtu. Ninalotaka kusema ni hili: familia za mpakani mwa Uganda na Kenya, ambazo nyuso zao zilichukuliwa na serikali mbili kwa shughuli za serikali, zinaweza kujiandikia historia yao wenyewe kwa kupiga picha vitu vilivyobaki nyumbani. Simu iliyo mfukoni inatosha. Kazi kubwa iko katika kuuliza na kusikiliza.

Buteba ni kaunti ndogo katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Huku wanaishi Wateso, Wasamia na Wagwe, na ndugu zao wako ng'ambo, Teso Kusini na Teso Kaskazini, katika Kaunti ya Busia ya Kenya. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, pamoja na Kisumu na hata Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la Uganda wakaliunganisha na himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mstari ukathibitishwa kwa amri ya mwaka 1926. Watu walikuwa palepale walipokuwa. Mstari ulipita katikati ya koo zao, na tangu hapo kila upande ukawa na namna yake ya kumhesabu mtu.

Upande wa Kenya kilikuja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake na orodha ya waajiri wake, ikiwa ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Upande wa Uganda ilitawala stakabadhi ya kodi ya kichwa, ambayo baadaye ilipangwa kwa madaraja ya kipato. Kwa miongo mingi mwanamume aliyekutwa njiani bila stakabadhi yake angeweza kukamatwa, mpaka kodi hiyo iliposimamishwa mwaka 2005. Kitambulisho cha taifa chenye picha kilifika vijijini Uganda kupitia usajili ulioanza mwaka 2014. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja Buteba na mwingine ng'ambo, waliweza kuishi na kuzeeka wakijulikana kwa karatasi mbili zisizojuana. Na katika karatasi hizo hakuna iliyowahi kuuliza mtu huyu alitengeneza nini kwa mikono yake, au aliwaachia nini wanawe.

Ushahidi wa jambo hili ulio wazi kuliko wowote niujuao unatoka kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2011 mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo alikuta mjini Gulu picha za watu waliokaa kitini, wamevaa vizuri, mikono iko magotini, lakini mahali pa uso pana tundu la pembe nne. Zilitoka Gulu Real Art Studio, studio iliyoendeshwa na Obal Denis. Mashine ya kutoa picha za vitambulisho ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuwa na haja ya nne wala fedha za kuzilipia. Ilikuwa nafuu kumpiga mtu picha kubwa, kisha kukata uso peke yake. Uso ulikwenda na mteja kuombea mkopo, kazi au leseni. Mwili ukabaki studio pamoja na mabaki mengine. Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, akawahoji wateja, na mwaka 2013 kikatoka kitabu.

Tazama picha zile kwa utulivu. Kuna koti la suti linalorudi kwa mtu baada ya mtu, koti la studio lililoazimwa kwa sababu ofisi fulani ilitaka mwombaji aonekane nadhifu. Wengine linawapwaya mabegani, wengine linawabana. Kuna vidole vilivyoshikana kwa wasiwasi. Kuna gauni ambalo bila shaka lilinyooshwa kwa pasi ya makaa asubuhi ile. Ofisi ilihitaji uso tu, na katika kile ambacho ofisi haikukihitaji ndimo maisha yalimobaki. Kwa maoni yangu hakuna shule ya upigaji picha Afrika Mashariki iliyofundisha somo kubwa kuliko lile lililofundishwa bila kukusudia na studio ya Gulu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kupiga picha chungu, jembe au kofia ni mtindo mpya wa wasanii wa mjini. Ukweli ni kwamba upigaji picha ulianza na vitu. Vifaa vya mwanzo vilihitaji mwanga wa muda mrefu sana, na binadamu hawezi kutulia kiasi hicho. Chombo kinaweza. Mwaka 1837 Mfaransa Louis Daguerre alipanga sanamu za plasta, kitambaa na chupa iliyovikwa msuko kwenye kona ya karakana, akaviacha vijichore vyenyewe kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Miaka michache baadaye Mwingereza William Henry Fox Talbot alipiga picha vikombe na sahani za kauri zikiwa rafuni, akaitia katika The Pencil of Nature, kitabu alichokitoa kwa mafungu kati ya 1844 na 1846. Akaeleza kwamba kama mwizi angeiba hazina hiyo, picha ingeweza kupelekwa mahakamani iwe ushahidi wa namna mpya.

Wazo hilo la Talbot nimelichukua kwa uzito. Kule Buteba wanaochukua vyombo vya wazee wanajulikana: mchwa, moshi, mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mizani yake, na ndugu wanaogawana baada ya matanga. Mashtaka hayapelekwi popote. Shahidi, hata hivyo, anaweza kuandaliwa mapema.

Namna ya kumwandaa nimeiona vizuri zaidi katika kazi ya Mjapani Ishiuchi Miyako. Mama yake alifariki mwaka 2000, na uhusiano wao haukuwa mwepesi. Ishiuchi alibaki na vitu: nguo za ndani, viatu, brashi yenye nywele bado, meno ya bandia, vijiti vya rangi ya mdomo vilivyotumika nusu. Akavipiga picha kimoja kimoja, kwa ukaribu, kama mtu anayezungumza. Picha hizo, alizoziita "Za Mama", zilionyeshwa katika banda la Japani kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2005. Baadaye alikwenda Hiroshima kupiga picha nguo za watu waliouawa na bomu la mwaka 1945, zilizohifadhiwa katika jumba la kumbukumbu la huko, kisha Mexico kupiga picha mali za mchoraji Frida Kahlo. Kazi zote hizo zina msingi mmoja. Kijiti cha rangi ya mdomo hulika kwa pembe, na pembe hiyo ni ya mkono mmoja tu duniani.

Hivyo ndivyo kilivyo kila chombo cha nyumbani. Chukua mwiko uliosonga ugali kwa miaka mingi. Ncha yake imelika upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu mpishi alisukuma kwa mkono wa kulia, au wa kushoto, na sufuria ikausugua mti daima mahali palepale. Mwiko wa bibi aliyetumia mkono wa kushoto hautoshei vizuri mkononi mwa mkwe anayetumia wa kulia. Mkwe atakwambia hivyo ukimuuliza. Katika picha ya kitambulisho hakuna mahali pa habari hiyo.

Sasa twende kwenye vitu vya mpakani, maana kila eneo lina vyake.

Cha kwanza ni baiskeli. Busia ndiko ulikozaliwa usafiri wa boda boda, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipoanza kuwabeba abiria na mizigo yao katika kile kipande cha njia kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nchi nyingine, ambako magari hayakuvuka na miguu ilichoka. Leo pikipiki zimeshika kazi hiyo kote Afrika Mashariki, na tangu Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, msafiri hushughulikiwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, zimebaki fremu za baiskeli zilizosomesha watoto. Ukiipiga picha baiskeli nzima utapata baiskeli tu. Isogelee keria. Tazama vyuma vilivyochomelewa ili kuiongezea nguvu, mto wa sponji ulioshonewa abiria, na mahali chuma kilipopinda. Kisha uliza: ilipindia wapi?

Swali hilo hufungua milango mizito. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda sana, huku mkulima wa Uganda akilipwa kidogo na kwa kuchelewa na shirika la serikali ya Idi Amin. Kahawa ikaanza kutembea usiku kwenda Kenya. Ilipita Busia, ilipita Malaba, ilipita Chepkube chini ya Mlima Elgon, kwa malori, kwa vichwa vya watu na kwa keria za baiskeli. Magendo yaliwajengea wengine nyumba za mabati na wengine yakawapeleka kaburini. Katika familia nyingi habari hizi zilisemwa kwa sauti ya chini, na wazee wanaozijua wanaondoka. Mtu hawezi kukaa mbele ya kamera na kuambiwa, "Haya, eleza magendo." Atanyamaza. Mwekee mbele picha ya keria yake mwenyewe, kubwa, yenye mwanga mzuri, naye ataanza na chuma: nani alikichomelea, alilipwa shilingi ngapi, ya nchi gani. Mengine yatafuata yakiwa tayari kufuata.

Cha pili ni senti yenye tundu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 ilitoa senti 5 na senti 10 zilizotobolewa katikati, zikaweza kutungwa kwenye uzi. Zilitumika pande zote mbili za mto Malaba, ulio mpakani, na mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa fedha yake. Senti hiyo ukiiweka juu ya kitambulisho cha Kenya kilicholala kando ya kile cha Uganda, na ukapiga picha kutoka juu, umeeleza karne nzima ya ukoo uliogawanywa bila kuandika hata neno moja.

Jembe nitalifikia mwishoni. Karai la kuoshea dhahabu nalo linastahili nafasi yake, kwa sababu Wilaya ya Busia ina machimbo ya wachimbaji wadogo, Tiira na kwingineko, na wanawake wengi husaga, huchekecha na kuosha mchanga huo. Karai lililotoboka, likazibwa kwa kiraka cha bati, lina habari za ada za shule na habari za zebaki iliyoshikwa kwa mikono mitupu. Yeyote atakayelipiga picha na asiulize juu ya zebaki atakuwa amepiga nusu ya karai.

Kitu ambacho ningekipa ukurasa mzima wa albamu ni mrija wa ajon. Ajon ni pombe ya wimbi ambayo Wateso huinywa wakiwa wamekizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa mwishoni, maji moto yakiongezwa kadiri jioni inavyosonga. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi miongoni mwa Wateso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 makala nzima kuhusu unywaji huu, kwa sababu aliona kwamba kuzunguka chungu ni kuzunguka mambo ya ukoo: nani anapatana na nani, nani amealikwa, nani amekaa karibu na mlango. Mrija wa mzee aliyefariki, ukibaki umechomekwa kwenye paa, ni kiti chake katika baraza hilo. Ni mwembamba sana kwa kamera. Ukiupiga wote utaonekana mstari tu. Ulaze juu ya mkeka, piga kichujio kwanza, halafu mahali pa meno. Ndiyo, meno huacha alama. Wajukuu waliozaliwa baada ya mazishi wataweka kidole pale.

Kuna mvutano mmoja ambao kila mpiga picha wa vyombo vya watu atakutana nao, nao unahitaji heshima. Ukishasalimia kwa Yoga noi, ukakalishwa, ukapewa maji, ukamwambia mama wa nyumba kwamba unataka kupiga picha sufuria yake ya kila siku, atakujibu, "Mwanangu, ngoja kwanza niisugue." Atachukua majivu na kipande cha gunia, naye hatarudi mpaka masizi yametoka. Mpiga picha aliyesoma vitabu ataona amepoteza kitu: masizi yalikuwa ndiyo habari yenyewe. Atatamani kumzuia.

Asimzuie. Sufuria iliyosuguliwa ni picha ambayo mama amejichagulia baada ya maisha marefu ya kupigwa picha kama alivyotaka karani. Usafi wa chombo ni jina lake kijijini. Mgeni akiona masizi, mama huyo ameaibika, pamoja na mama yake aliyemlea na binti anayemlea. Kwa hiyo piga kwanza anavyotaka yeye, kwa makini yote, sufuria ing'ae juu ya kichanja. Kisha kaa. Ugali utapikwa, maana hutaachwa uende na njaa, na sufuria itarudi mafigani, na hapo omba ruhusa ya kupiga tena. Weka picha hizo mbili kando kwa kando katika albamu, bila kuinyanyua moja juu ya nyingine. Wapiga picha wengi wa ripoti za misaada walituletea masizi peke yake kwa miaka mingi, na jambo hilo limewaumiza watu wetu kuliko wanavyosema.

Kuhusu mwanga, Buteba haifiki hata nyuzi moja kaskazini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini na kivuli ni kifupi na cheusi; chombo chochote huonekana kimekandamizwa. Fanya kazi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Bora zaidi, fanya kazi ndani, hatua mbili kutoka mlangoni. Nyumba ya udongo yenye mlango mmoja na kidirisha kidogo hupokea mwanga kutoka upande mmoja, mwanga unaotambaa juu ya chombo na kuonyesha kila mkwaruzo. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, waliochora mikate, samaki na glasi mezani, walitegemea dirisha moja namna hiyohiyo. Upande wa pili ukiwa mweusi mno, mwite mtoto ashike shati jeupe la shule karibu na chombo, mwanga utarudi. Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini. Zima mwanga wa simu. Usivute picha kwa vidole, sogea mwenyewe. Iegemeze simu kwenye kigoda ili isitikisike.

Piga picha moja ukiwa umeweka kiberiti kando, ili ukubwa ujulikane kwa atakayetazama baada ya miaka hamsini, kisha kiondoe na upige nyingine. Geuza chombo. Chini ya chungu, nyuma ya kigoda, ndani ya kofia ndiko majina, viraka na mishono iliko. Kwa nyuma tandika kitu cha nyumba hiyohiyo, mkeka au kitenge kilichopauka, wala usilete pazia la studio.

Wakati wote huo simu ya pili, kama ipo, iwe inarekodi sauti. Hili nalisisitiza kuliko mwanga. Mtu akishika chombo mkononi husema mambo ambayo hasemi akiwa amekaa mikono mitupu, na husema kwa lugha yake, Kiteso au Kisamia, kwa maneno ambayo tafsiri itayapunguza. Yaache yalivyo. Muulize ni nani alikuwa wa mwisho kukitumia, na ni nani alikatazwa kukigusa. Swali la pili huzaa zaidi.

Vitu vilivyouzwa navyo vina picha zao. Redio ya mzee iliondoka mwaka ambao karo ilikosekana, lakini kile kitambaa kilichofumwa kwa sindano ya mkono ili kuifunika kipo, na bado kinatandikwa juu ya meza pale ilipokuwa, leo kikiwa chini ya thermosi. Piga picha thermosi na kitambaa, halafu andika kwamba hapa palikuwa na redio, iliyouzwa nani akiwa darasa la ngapi.

Tunao mfano mzuri karibu. Hukuhuku Uganda, Kaddu Wasswa alitunza kwa miongo karatasi, picha, barua na majalada ya maisha yake. Mjukuu wake Arthur Kisitu, ambaye ni mpiga picha, alishirikiana naye na Mholanzi Andrea Stultiens kuyapiga picha majalada hayo moja moja, jinsi yalivyo, na kingo zake zilizochakaa na gundi iliyovuja. Kitabu kilitoka mwaka 2010. Mwaka uliofuata Stultiens na Mganda Rumanzi Canon wakaanzisha History In Progress Uganda, mradi unaonakili makusanyo ya picha yaliyo mikononi mwa watu binafsi na kuyaonyesha. Kinachonigusa katika kazi ya Kaddu Wasswa ni kwamba mwenye mali alikuwepo. Alieleza, alisahihisha, alikataa. Babu na mjukuu waliinama pamoja juu ya meza.

Linganisha na hali ya vitu vyetu vilivyoko mbali. Mradi wa International Inventories Programme, uliowaunganisha wasanii na wanamakumbusho wa Kenya na wenzao wa Ujerumani na Ufaransa, ulihesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho na taasisi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 ulifanya maonyesho katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yaliyohusu vitu hivyo visivyokuwepo. Kila kimoja kina namba. Vingi vina mwaka wa kupokelewa na jina la Mzungu aliyevikabidhi. Aliyekichonga, aliyekibeba mgongoni, aliyelia kilipochukuliwa, kwa sehemu kubwa hawamo. Kigoda kilichoko Buteba bado kina watu wake, wanaoweza kuulizwa leo jioni. Nikilifikiria hilo napata haraka moyoni.

Kuna mipaka. Hati ya kununua shamba, ile iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ni moja ya vitu vyenye nguvu kubwa katika sanduku la bati, na ipigwe picha kwa ajili ya familia, lakini isirushwe mitandaoni, maana ugomvi wa ardhi unaua. Kuna vyombo vya mapacha, vya maziko na vya uganga ambavyo havipigwi picha, au havipigwi na mtu wa jinsi fulani au wa umri fulani. Ukiambiwa hapana, andika kwenye daftari kwamba hicho kipo na kimekataliwa. Nayo ni historia ya nyumba.

Na picha zikishapatikana, zichapwe. Simu huibwa, hudumbukia mtoni, hufa betri. Studio za mjini Busia na Malaba huchapa kwa bei ambayo watu watatu wakichanga wanaimudu. Andika nyuma kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida hupenya na kupauka: jina la chombo, jina la msemaji, kijiji, mwaka. Usiibandike picha moja kwa moja kwenye kioo cha fremu, maana unyevu wa masika utaigandisha na haitatoka nzima. Nakala mbili, moja ilale Uganda na nyingine ivuke kwenda kwa ndugu wa Kenya. Mwezi Desemba 1987 mpaka wa Busia ulifungwa baada ya majeshi ya nchi hizi mbili kurushiana risasi, na ndugu hawakuonana. Nakala iliyo ng'ambo ni bima.

Basi turudi kwenye jembe. Wasamia walikuwa mafundi wa chuma mashuhuri, na majembe yao yalisafiri kwa Waluo, kwa Waluhya wenzao na kwa wengine kandokando ya ziwa, yakihesabiwa katika mahari kabla majembe ya kiwandani hayajayafukuza. Tuseme moja limeonekana Buteba, juu ya dari, limelika hadi kubaki kama kiganja. Mjukuu analipiga picha mlangoni saa moja na nusu asubuhi na kuituma kwenye kundi la ukoo. Kabla ya jioni shangazi wa Teso Kusini ameandika kwamba hilo ni mojawapo ya majembe yaliyotolewa alipoolewa bibi mzaa baba. Binamu wa Nairobi anasema hapana, mzee alilinunua likiwa kuukuu, yeye alisikia kwa masikio yake. Mjomba anasema wote wamelichanganya na jingine lililouzwa. Kijana aliyeko Dubai hana la kusema juu ya mahari. Anauliza kwa nini mpini ni mpya.

Asiwepo wa kuamua. Yaandikwe yote nyuma ya picha, kila neno na jina la aliyelisema na tarehe, hata kama karatasi itahitaji kuunganishwa nyingine. Shangazi apigiwe simu aeleze majembe yalikuwa mangapi na yalihesabiwa na nani. Halafu kijana wa Dubai ajibiwe: mpini wa kwanza ulivunjikia shamba lipi, na huu wa sasa ulichongwa na nani?